Kutambua Dhana Tangulizi katika Huduma za Dharura kwa Watu Wenye Usonji: Mwongozo kwa Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Ibara ya 43(2) ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inatamka kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haki hiyo inaweza kuvunjwa hata pale ambapo hakuna lango la hospitali lililofungwa, kwa sababu mgonjwa anaweza kupokewa, kulazwa kitandani na hata kuandikiwa dawa, huku maradhi yaliyomleta yakiachwa bila kuchunguzwa kwa kuwa kila anayemhudumia amekwisha kuamua kwamba anachokiona ni usonji tu.

Mwongozo huu unawalenga wote wanaomfikia mgonjwa huyo mapema: jirani wa ploti, mwendeshaji bodaboda, mhamasishaji wa afya ya jamii, mhudumu wa ambulensi, askari polisi, mlinzi wa lango la hospitali, muuguzi wa mapokezi na tabibu wa chumba cha dharura. Nia yake ni kuonyesha mahali ambapo hukumu ya haraka hujipenyeza katika kazi yao, dalili za kuitambua, na hatua za kuirekebisha wakati mgonjwa bado anaweza kuokolewa. Kanuni moja inaunganisha yote yatakayoelezwa: usonji ni maelezo ya jinsi mtu alivyo siku zote, ilhali dharura ni badiliko, na badiliko la leo haliwezi kuelezwa kwa jambo lililokuwapo jana na juzi.

Maana ya usonji na ya dhana tangulizi

Usonji, ambao baadhi ya waandishi huuita tawahudi, ni namna ya ukuaji wa ubongo ambayo mtu huwa nayo tangu utotoni hadi uzeeni, na ambayo hubadili jinsi anavyowasiliana, anavyohusiana na wenzake na anavyopokea sauti, mwanga, mguso, harufu na maumivu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Miongoni mwao wapo wasiotamka neno lolote, wapo wanaozungumza kwa ufasaha na kushika kazi za kulipwa, wapo wenye kifafa au ulemavu wa akili na wapo wasio na hayo, kwa hiyo kumjua mtu mmoja mwenye usonji hakumtoshi mhudumu kumjua wa pili.

Dhana tangulizi ni hukumu ambayo akili huitoa juu ya mtu kabla ya kumchunguza, ikitegemea kundi ambalo mtu huyo anadhaniwa kuwa mmoja wake. Hukumu hiyo haihitaji chuki ili ifanye kazi, na mhudumu mwenye huruma nyingi anaweza kuwa nayo bila kujua, hasa anapokuwa amechoka, amezungukwa na kelele na ana wagonjwa wengine wanaomsubiri, hali ambazo ndizo za kila siku katika chumba cha dharura.

Aina moja ya dhana tangulizi inastahili kutajwa kwa jina lake, nayo ni kufunikwa kwa dalili, yaani hali ambapo lebo ya ulemavu aliyonayo mtu huficha maradhi mengine yaliyo wazi. Mwaka 1982, Steven Reiss na wenzake nchini Marekani waliwapa wataalamu wa saikolojia maelezo ya mtu aliyekuwa na woga mkali, wakabaini kwamba wale walioelezwa kuwa mtu huyo ana ulemavu wa akili hawakuwa wepesi kuutambua woga wake kama tatizo linalohitaji tiba, ingawa maelezo ya woga wenyewe hayakubadilika. Funzo la utafiti huo ni kwamba elimu ya juu peke yake haimkingi mtu dhidi ya kosa hili.

Jinsi hukumu inavyosafiri na mgonjwa mitaani

Katika Eastlands, kuanzia mitaa ya zamani kama Kaloleni, Shauri Moyo na Jericho, kupitia Buruburu, Umoja, Kayole na Dandora, hadi maghorofa yaliyosongamana ya Pipeline na Huruma, mgonjwa wa dharura mara nyingi hubebwa na majirani, teksi au bodaboda kabla ya ambulensi kupatikana. Hii ina maana kwamba maelezo ya kwanza kuhusu hali yake hayatoki kwa mtaalamu, bali kwa watu waliomzoea kwa mbali na ambao huenda wamemsikia akipiga kelele usiku, wakamwona akizunguka uani peke yake, na wakajenga maelezo yao wenyewe. Kauli inayotamkwa mlangoni mwa ploti, kwamba huyo ndivyo alivyo, hubebwa na mwendeshaji bodaboda hadi langoni, ikarudiwa na mlinzi kwa muuguzi, ikaandikwa katika faili, na kufikia wakati tabibu anapolisoma faili hilo tayari imepata sura ya ukweli uliothibitishwa.

Mhudumu anayetaka kuivunja kauli hiyo hana budi kutofautisha kilichoonekana na kilichohukumiwa. Kusema kwamba kijana anajipiga kichwa upande wa kushoto tangu jana jioni ni kueleza kilichoonekana, ilhali kusema kwamba ni mkaidi, ana fujo au hana ushirikiano ni kuhukumu, na hukumu hiyo inapoandikwa humfuata mgonjwa hadi kwenye zamu inayofuata na hadi hospitali atakakopelekwa kwa rufaa. Faili lililoandikwa vizuri hutaja tendo, mahali pa mwili, muda na tofauti iliyopo kati ya leo na siku za kawaida.

Maafa makubwa huongeza uzito wa jambo hili. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Huruma tarehe 29 Aprili 2016, gesi ilipolipuka Embakasi usiku wa tarehe 1 Februari 2024, na mafuriko yalipoikumba Mathare mwaka huohuo, uokoaji ulifanyika katikati ya umati, giza, ving'ora na amri za haraka. Katika mazingira ya aina hiyo mtu mwenye usonji anaweza kujificha mahali pasipotarajiwa, kukimbia kurudi katika nyumba ileile inayohatarisha maisha yake kwa kuwa ndiyo anayoijua, au kutoitikia jina lake linapoitwa, na mwokoaji asiyelijua hilo atamchukua kuwa mkaidi au kuamua kwamba nyumba haina mtu.

Dhana zinazojitokeza mara nyingi na namna ya kuzirekebisha

Dhana ya kwanza ni kwamba kila tabia ngeni inatokana na usonji. Mtoto anayeanza ghafla kujiuma, kukataa chakula alichokipenda, kutolala au kupiga kichwa ukutani huenda ana jino lililooza, maambukizi ya sikio, choo kilichofunga kwa siku nyingi, mfupa uliovunjika, kidole tumbo kilichovimba au, kwa mvulana, korodani iliyojisokota, ambayo huhitaji upasuaji ndani ya saa chache. Mwongozo wa kupokea na kutibu watoto mahututi unaotumika katika hospitali za Kenya, ujulikanao kwa kifupi kama ETAT+, unahesabu kukosa utulivu, kuwa mwepesi wa kulia na kulegea miongoni mwa dalili zinazompa mtoto kipaumbele katika foleni. Muuguzi anayeiondoa dalili hiyo katika hesabu kwa sababu mtoto ana usonji anamshusha katika foleni kwa kigezo ambacho mwongozo haukukiweka. Swali la kurekebisha ni jepesi kuuliza: je, mtoto asiye na usonji angefika na dalili hizihizi, angechunguzwa nini? Chochote kitakachokuwa jibu, ndicho kinachopasa kufanywa.

Dhana ya pili ni kwamba asiyesema haelewi. Wapo watu wenye usonji wasiotumia sauti ambao huelewa kila wanachoambiwa, na ambao huwasiliana kwa picha, kwa simu, kwa kuandika, kwa ishara au kwa kumshika mtu mkono na kumpeleka kwenye kitu wanachokitaka. Wengine hutumia mwangwi wa maneno, yaani hurudia walichokisikia, hivi kwamba anayeulizwa kama tumbo linauma anaweza kujibu kwamba tumbo linauma hata kama maumivu yako mguuni, na jibu hilo halipaswi kuchukuliwa kuwa ndiyo wala kuwa upuuzi. Njia bora ni kumpa machaguo mawili yanayoonekana, kwa mfano kugusa picha ya tumbo au picha ya kichwa, kisha kugeuza mpangilio wa machaguo na kuuliza tena ili kuona kama jibu linabaki palepale. Dhana hii ina tawi lake la lugha: baadhi ya watoto hujifunza Kiingereza kutokana na katuni na video wakati wazazi wao wakizungumza Kiswahili, Kisomali au Kikamba nyumbani, kwa hiyo mhudumu anapaswa kumuuliza mlezi ni lugha gani mtoto huifuata, badala ya kudhani kwamba sheng ya mtaani itamfikia.

Dhana ya tatu ni kwamba asiyelia haumwi. Usonji unaweza kubadili namna maumivu yanavyohisiwa na namna yanavyoonyeshwa, hata mtu akacheka akiwa na jeraha la moto, akatembea juu ya mguu uliovunjika, au kinyume chake akalia kwa uchungu kutokana na mguso mwepesi wa mkanda wa kupimia shinikizo la damu. Kumtaka aonyeshe kiwango cha maumivu kwa namba kuanzia sifuri hadi kumi hakusaidii pale ambapo namba hizo hazina maana kwake. Ipo mizani ya FLACC iliyorekebishwa kwa ajili ya watoto wenye ulemavu, ambayo huangalia uso, miguu, mwendo wa mwili, kilio na kubembelezeka, na ambayo humruhusu mzazi kuongeza dalili za mtoto wake mwenyewe, kama vile kuvuta sikio au kukaa kimya kupita kawaida. Mahali ambapo mizani hiyo haipo, mlezi aulizwe jinsi mtu huyo alivyofanya mara ya mwisho alipoumia, na jibu lake litumike kama kipimo.

Dhana ya nne ni kwamba asiyejibu amepoteza fahamu au, kinyume chake, kwamba kutojibu kwake ni kawaida. Kipimo cha fahamu cha Glasgow, kilichochapishwa mwaka 1974 na kinachotumika katika majeraha ya kichwa kote duniani, hutoa alama 4 kwa macho, 5 kwa usemi na 6 kwa mwendo, jumla 15. Mtu asiyesema kabisa, akiwa macho na mwenye afya njema, hupata alama 1 ya usemi na hivyo jumla ya 11, kiwango ambacho kwenye karatasi humfanya aonekane na jeraha la wastani la ubongo. Hatari iliyo kubwa zaidi ni ya upande wa pili, kwamba mtu huyohuyo anaposhuka kutoka 11 hadi 9 kwa sababu damu inavuja ndani ya fuvu, mabadiliko hayo huelezwa kwa kutosema kwake. Dawa ya makosa yote mawili ni kuandika alama za kila sehemu peke yake, kumuuliza mlezi alama za siku ya kawaida zingekuwa zipi, na kufuatilia badiliko badala ya jumla. Ikumbukwe pia kwamba kifafa huwapata watu wenye usonji mara nyingi zaidi kuliko wengine, na kwamba vipo vipindi vya kifafa visivyo na mtikisiko wa mwili, ambavyo huonekana kama kukodoa macho au kuganda.

Dhana ya tano ni kwamba fujo ni ulevi, bangi, uhalifu au wazimu. Kijana anayepunga mikono, anayekwepa kutazamana, anayeingia ploti isiyo yake au anayekimbia anapoitwa anaweza kudhaniwa kuwa mwizi, na katika mitaa ambako umati huchukua sheria mkononi dhana hiyo inaweza kumuua kabla ambulensi haijaitwa. Mengi ya matendo hayo ni miondoko ya kujirudia ambayo humsaidia kutulia, au ni hali ya kuzidiwa, yaani wakati ambapo sauti, mwanga na watu vimepita kiwango ambacho akili yake inaweza kukichuja. Katika Nairobi, jina la Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoanzishwa mwaka 1910, hutumiwa mitaani kama tusi, na mazoea hayo hurahisisha uamuzi wa kumpeleka huko moja kwa moja mtu aliyechafukwa, kabla ya kupimwa sukari, joto, malaria, oksijeni na majeraha. Hospitali hiyo ina kazi yake muhimu, lakini uchunguzi wa mwili hutangulia uamuzi wa kwamba tatizo ni la akili.

Dhana ya sita humwelekea mlezi. Zamani baadhi ya wataalamu wa nchi za Magharibi, akiwamo Bruno Bettelheim katika kitabu chake cha mwaka 1967, walidai kwamba usonji husababishwa na mama asiye na upendo, na dai hilo limekanushwa na utafiti kwa muda mrefu sasa. Hata hivyo, mama wa Eastlands bado anaweza kuambiwa kwamba mtoto amerogwa, amelaaniwa, ana mapepo au amedekezwa, na akifika hospitalini akasikilizwa nusunusu kwa sababu anaonekana kuwa sehemu ya tatizo. Mlezi ndiye mwenye kumbukumbu ya hali ya kawaida ya mgonjwa, na anaposema kwamba leo si kama jana, kauli hiyo ina uzito wa dalili. Kumsikiliza hakuondoi wajibu wa kuangalia kama kuna ukatili, kwa kuwa watoto na watu wazima wenye ulemavu hudhulumiwa pia, na mhudumu anapoona majeraha yasiyolingana na maelezo anapaswa kuwasiliana na idara ya watoto au kupiga simu ya bure ya watoto, namba 116.

Dhana ya saba ni kwamba usonji ni wa watoto wa kiume na wa familia zenye uwezo. Mtafiti Victor Lotter, aliyetafuta usonji wa utotoni katika miji tisa ya nchi sita za Afrika, Kenya ikiwamo, na kuchapisha matokeo mwaka 1978, aliwapata watoto wachache, lakini aliwatafuta miongoni mwa watoto waliokuwa tayari katika taasisi za wenye ulemavu wa akili, hivyo waliobaki majumbani hawakuhesabiwa. Tangu Autism Society of Kenya ianzishwe mwaka 2003, na kitengo cha watoto wenye usonji kufunguliwa katika shule ya msingi ya City iliyoko Ngara, imekuwa wazi kwamba watoto hao wako katika mitaa ya kawaida. Wasichana na wanawake hutambuliwa wachache zaidi kwa sababu wengi wao hujifunza kuificha hali yao, na watu wazima wengi hawajawahi kupimwa. Kwa sababu hiyo, mhudumu asidai cheti wala kadi ya ulemavu ndipo apunguze taa au aongee polepole; asidhani pia kwamba mwanamke mwenye usonji anayeumwa tumbo hawezi kuwa mjamzito, kuwa na maambukizi ya njia ya uzazi au kuwa amebakwa.

Hatua za huduma, tangu ploti hadi kitandani

Anayeita msaada kwa namba 999, 112 au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ataje mapema kwamba mgonjwa ana usonji, jinsi anavyowasiliana, kinachomtisha na kinachomtuliza, kisha aombe king'ora kizimwe ambulensi inapoingia mtaani ikiwa njia inaruhusu. Iwapo mtu mwenye usonji amepotea, msako uanzie mahali penye maji, ikiwamo mito ya Nairobi, Ngong na Mathare inayopita katika mitaa hii pamoja na mitaro na matangi yaliyo wazi, kwa kuwa wengi huvutwa na maji bila kuiona hatari yake.

Eneo la tukio lipunguziwe watu kabla ya mgonjwa kuguswa. Majirani waombwe kurudi nyuma, redio na injini zizimwe, na mtu mmoja tu azungumze, kwa sauti ya chini na kwa sentensi fupi zinazoeleza kitakachofanyika, kisha asubiri kwa sekunde kadhaa kabla ya kurudia, maana kimya cha mgonjwa huyu mara nyingi ni muda wa kuchakata alichosikia. Vifaa vionyeshwe kabla ya kutumiwa, na inapowezekana stethoskopu au kipimo cha oksijeni kiwekwe kwanza kwa mlezi au juu ya mkono wa mgonjwa mwenyewe. Kinachomtuliza, kiwe kitambaa, kigari au simu, kisichukuliwe kwa kisingizio cha usafi. Hatari ya njia ya hewa, kupumua na kutokwa damu hushughulikiwa mara moja kama kwa mtu yeyote, na mpangilio wa taratibu hizi haupaswi kuichelewesha.

Baadhi ya watu wenye usonji hula vitu visivyo chakula, jambo linaloongeza uwezekano wa sumu na wa vitu vilivyokwama. Katika chumba kimoja ambamo mafuta ya taa huwekwa ndani ya chupa ya soda, na ambamo betri ndogo za vidude vya kuchezea hudondoka sakafuni, mhudumu aulize ni nini kilichokuwa karibu na mgonjwa na ni nini kimepungua, na asimtapishe aliyekunywa mafuta ya taa, kwa kuwa yanaweza kuingia mapafuni. Betri ya kitufe iliyomezwa ni dharura ya saa chache hata kama mtoto anaonekana mzima.

Mapokezi ya hospitali, iwe ni Mama Lucy Kibaki inayohudumia Umoja, Komarock na Kayole au kituo kidogo cha afya cha mtaani, yanaweza kumwepusha mgonjwa na kuzidiwa kwa mabadiliko yasiyo na gharama: kumsubirisha kwenye pembe tulivu au nje karibu na mlango huku jina lake likibaki katika foleni, kupunguza taa, kumruhusu mlezi abaki naye kila hatua, na kufanya vipimo vyote vya damu kwa mchomo mmoja. Marekebisho hayo humpa nafasi sawa ya kuchunguzwa na hayamnyang'anyi mgonjwa mwingine zamu yake.

Kumshika kwa nguvu na kumpa dawa za kutuliza

Hapa ndipo dhana tangulizi huleta madhara ya haraka zaidi, kwa sababu anayeonekana kuwa hatari hushikwa na wengi, na anaposhikwa hupigana kwa hofu, na kupigana kwake huchukuliwa kuwa ushahidi wa hatari aliyodhaniwa kuwa nayo. Kumshika kwa nguvu kunaruhusiwa pale tu ambapo kuna hatari ya papo hapo kwa maisha yake au ya wengine na njia nyingine zimeshindikana, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na mtu mmoja akiwa na kazi moja tu ya kuangalia kupumua kwake. Asilazwe kifudifudi, wala asiwekewe uzito kifuani, mgongoni au shingoni, kwa kuwa mtu anaweza kukosa hewa huku waliomshika wakidhani kwamba ametulia.

Dawa za kutuliza zitolewe baada ya kutafuta sababu ya kuchafukwa, maana dawa inaweza kuyanyamazisha maumivu ya kidole tumbo bila kukitibu. Kabla ya kuchagua dawa, mlezi aulizwe mgonjwa anatumia nini: anayetumia fenobabitali kwa ajili ya kifafa akiongezewa diazepamu anaweza kupungukiwa na pumzi, baadhi ya watu huchafukwa zaidi baada ya diazepamu, na dawa kama haloperidoli inaweza kumrahisishia mtu mwenye kifafa kuanguka. Baada ya dawa yoyote ya aina hiyo, oksijeni na mapigo ya moyo vipimwe kwa mfululizo.

Wajibu wa kisheria

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Afya ya mwaka 2017 kinampa kila mtu haki ya matibabu ya dharura, ikiwamo huduma ya kabla ya kufika hospitalini, kuituliza hali ya mgonjwa na kupanga rufaa, na kinaweka faini isiyozidi shilingi milioni 3 kwa taasisi yenye uwezo inayoshindwa kutoa huduma hiyo. Ibara ya 54 ya Katiba inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha na kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa, kwa hiyo kadi za picha na simu ya kuandikia ni haki yake ndani ya chumba cha dharura. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2003, inaendeleza wajibu huo. Ridhaa nayo haiondolewi na usonji: mtu mzima anapaswa kuelezwa matibabu kwa lugha na njia anayoielewa na kuulizwa kabla ya mlezi kuulizwa, isipokuwa pale ambapo kuchelewa kungeleta kifo au madhara yasiyorekebishika.

Maandalizi ya familia

Familia inaweza kupunguza nafasi ya dhana tangulizi kwa kuandaa karatasi moja ya dharura, iliyowekwa mlangoni na nakala yake kwenye simu. Karatasi hiyo itaje jina analoitikia mgonjwa, lugha anayoielewa, jinsi anavyosema ndiyo na hapana, anavyoonyesha maumivu, dawa na vipimo vyake, mzio, historia ya kifafa, kinachomtisha, kinachomtuliza na namba za walezi wawili. Video fupi inayomwonyesha akiwa katika siku yake ya kawaida, akitembea, akila na akicheza, humpa tabibu asiyemfahamu kipimo ambacho maneno hayawezi kukitoa. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao takriban 100,000 kati yao walizinduliwa kitaifa Septemba 2023 wakiwa na mikoba ya vifaa, hutembelea nyumba kwa nyumba, na wanaweza kuisaidia kila familia kuijaza karatasi hiyo na kumtambulisha mgonjwa kwa kituo cha afya kilicho karibu wakati ambapo hakuna dharura.

Maswali ya kujikagua

Mhudumu anashauriwa kujiuliza maswali yafuatayo kabla ya kumruhusu mgonjwa kwenda nyumbani, kumpa rufaa au kukabidhi zamu.

1. Ni kitu gani kimebadilika kwa mgonjwa huyu, na ni nani aliyethibitisha hali yake ya kawaida?

2. Kama neno usonji lisingekuwamo katika faili, ni uchunguzi gani ungefanywa ambao haujafanywa?

3. Je, maumivu yametafutwa kwa njia isiyotegemea usemi, na mwili wote umeangaliwa, yakiwamo meno, masikio, tumbo na sehemu za siri?

4. Je, mgonjwa mwenyewe ameulizwa, kwa njia anayoitumia, na akapewa muda wa kujibu?

5. Maneno yaliyoandikwa yanaeleza kilichoonekana, au yanapitisha hukumu ya mtu mwingine?

6. Ikiwa alishikwa au alipewa dawa ya kutuliza, sababu imeandikwa, na chanzo cha kuchafukwa kimepatikana?

Maswali haya huchukua dakika chache, na yanapojadiliwa na kikosi kizima baada ya kila tukio, bila kumtafuta wa kulaumiwa, hujenga mazoea ambayo hayamtegemei mhudumu mmoja mwenye moyo mwema. Kituo kinachoyatumia kitagundua mapema mahali ambapo wagonjwa wake wenye usonji wamekuwa wakirudi mara ya pili na ya tatu na maradhi yaleyale, na kitakuwa na uwezo wa kuyatibu katika ziara ya kwanza, ambayo ndiyo kila mkazi wa Eastlands anaistahili kwa mujibu wa Katiba.